Pengo la Kapteni

Sikuzaliwa mpole, na miaka thelathini na mmoja ya kurekebisha kamani nyembamba kuliko unywele kwenye kiwanda cha saa hapa Besançon haikunipunguzia ukali hata chembe. Kazi ile ilikuwa ya wanawake. Wanaume walibuni saa, wakazipiga picha, wakaandikwa magazetini. Sisi tulikaa dirishani tukazifanya ziende sawasawa. Kiwanda kilipofungwa, wenzangu walianza kufuma soksi na kulea wajukuu. Mimi wajukuu sina, na soksi nanunua. Nikaanza kukusanya kronografu za marubani.

Sisemi zile za dukani zenye picha ya ndege usoni, wanazovaa watu wanaoogopa hata ngazi. Nasema zile walizopewa wanajeshi wetu wa anga miaka ya hamsini, Aina ya Ishirini kama tunavyoziita: uso mweusi, tarakimu nyeupe, vitufe viwili pembeni, na pete ya chuma inayokizunguka kioo, ambayo unaweza kuizungusha kwa kidole. Ukibonyeza kitufe cha juu, mshale mwembamba unaanza kuhesabu. Ukibonyeza cha chini, unaruka kurudi mwanzo na kuanza tena papo hapo, bila kusimama, kwa sababu rubani hana mkono wa tatu. Na mgongoni, kila mara jeshi lilipoipeleka saa kwa fundi, tarehe ilichongwa. Ukiigeuza, unajua imepitia mikono mingapi.

Ninazo kumi na saba. Au ninazo kumi na sita, tutafika huko.

Kwenye chama chetu cha wakusanyaji, tunaokutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kwenye ukumbi nyuma ya stesheni, amri ni moja: kila kipande kiwe kile saa ilichotoka nacho kiwandani, au angalau cha mwaka ule ule. Mshale wa mwaka mwingine ni aibu. Ukiipiga saa msasa ing'ae, watu hawakusalimii. Nimemwona mwanamume mzima, mkurugenzi wa benki, akilia machozi kwa sababu mkewe alimsafishia saa kwa dawa ya meno kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Nami nilikuwa namba moja kwa ukali. Walikuwa wakiniletea saa nizikague, wakiomba radhi kabla sijazifungua.

Saa yangu ya kumi na moja niliinunua mwaka wa tisini na nane, kutoka kwa mzee wa vyuma chakavu ambaye alizinunua jeshini kwa kilo. Kwa kilo, jamani, kama viazi! Ndani ilikuwa safi. Uso haujaguswa. Mgongoni tarehe tatu: hamsini na nane, sitini na moja, sitini na nne. Kitu kimoja tu kiliniudhi. Kwenye pete ya nje, pale penye alama ya pembetatu, palikuwa na pengo. Si mkwaruzo, pengo lenyewe, la kuingiza ukucha. Nikasema, kuna mshenzi aliyeigongesha saa hii kwenye mlango wa chuma.

Nilikaa miaka miwili natafuta pete nzima ya mwaka ule ule. Hatimaye niliipata kwa Hubert Pourchet, mwanachama mwenzetu, fundi mzuri na mbahili asiye na mfano. Nilimpa pete yangu yenye pengo, mishale mitatu na chupa mbili za divai ya njano, naye akanipa ile nzima. Nilipoifunga, nilirudi nyuma hatua moja nikaitazama. Ilikuwa nzuri, tena sahihi. Picha yake ikatoka kwenye jarida la chama, pamoja na namba yake. Nilijisikia kama nimemwogesha mtoto.

Sasa basi. Masika ya mwaka juzi, mwanamke mmoja alinipigia simu. Sauti ya mtu aliyelala vibaya.

"Samahani sana, mama. Wewe ndiye Bi Solange Cuenot? Naitwa Clotilde Aubertin. Nina karatasi ya baba yangu ya kuacha jeshi, na kuna namba ya saa imeandikwa hapa. Nimeiona namba hiyo hiyo kwenye jarida la zamani."

Akanisomea. Nikaenda kabatini, nikaigeuza saa ya kumi na moja. Tarakimu kwa tarakimu ilikuwa yenyewe.

Baba yake, Kapteni Evrard Aubertin, alikuwa na miaka themanini na saba. Aliporudi uraiani, karani alimnyooshea mkono juu ya meza akamwambia mali ya serikali irudi, naye akaivua. Kila mtu huivua. Lakini yeye, alisema Clotilde, tangu siku ile hajavaa saa nyingine. Mkewe alimnunulia mbili, zikakaa kwenye droo. Clotilde alikuwa ameitafuta kwa miaka tisa. Sasa moyo wa mzee ulikuwa umechoka, macho yalikwisha kabisa, na daktari alikuwa ameanza kuongea na binti kwa sauti ya chini kwenye kibaraza.

"Sitaki kuinunua," alisema. "Najua siwezi. Naomba tu aishike. Mara moja."

Mimi mkali, lakini si jiwe. Alhamisi asubuhi niliifunga saa kwenye kitambaa nikapanda basi la Pontarlier. Huko theluji ilikuwa bado haijaondoka vivulini.

Kapteni alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, mrefu hata akiwa amekaa, amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni. Clotilde alisema amelivaa tangu alfajiri. Mezani palikuwa na jibini, soseji ya moshi na vikombe vizuri vya wageni. Mzee alisimama kunisalimia, akaukosa mkono wangu kidogo, akaupata.

"Bibi, umepanda mlima wote huu kwa ajili ya mzee kipofu. Una wazimu au una moyo?"

"Wazimu," nikasema. "Moyo niliuacha kiwandani."

Akacheka. Nikaiweka saa kiganjani mwake. Clotilde alishika ukingo wa meza.

Hakuiinua sikioni, kama nilivyodhani. Kidole gumba chake cha kulia kilikwenda moja kwa moja kwenye pete, kikaizunguka taratibu, mzunguko mzima. Kikarudi kinyume. Kikazunguka tena. Uso wake uliokuwa umefunguka ukaanza kujifunga, pole pole, kwa adabu. Akaishusha saa kwenye kitambaa kwa uangalifu mkubwa.

"Ni saa nzuri sana," alisema. "Asante, bibi. Lakini si yangu."

"Baba, namba ni ile ile!"

"Makarani hukosea namba, Clotilde. Yangu ina pengo hapa. Nililikata mwenyewe kwa tupa ya kucha." Akanigeukia mimi, akitabasamu ili nisijisikie vibaya. "Marubani wenzangu walinicheka. Usiku taa za ndani tulizima, mishale inang'aa lakini pembetatu ya pete haionekani. Ndege yetu ile ya mizigo ilikuwa na matangi mawili madogo ya akiba. Dakika ishirini na tano la kushoto, halafu unabadilisha kwenda la kulia. Ukisahau, injini inakohoa. Kwa hiyo naielekeza pembetatu kwenye dakika ya kubadilisha, na gumba langu linajua ilipo. Kwenye glavu pia linajua."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilijua. Nilijua palepale, mbele ya soseji na vikombe vya wageni, kwamba mshenzi wa hadithi hii hakugongesha saa kwenye mlango wowote. Mshenzi alikuwa amekaa mezani anakula jibini lao.

Nikanyamaza. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Mimi ninayewafokea watu kwa ajili ya mshale mmoja, nilinyamaza. Nilisema, "Pole sana, Kapteni," nikaikunja saa yangu kwenye kitambaa, nikapanda basi la saa nane.

Jumamosi Clotilde alipiga simu. "Mama, baba amesema nikushukuru. Na amesema tuache kutafuta. Anasema hana shaka sasa, saa yake iliyeyushwa na vyuma vingine." Akashusha sauti. "Hajagusa chakula tangu Alhamisi. Hana hasira. Anakaa tu."

Nilikata simu nikaigeuza saa. Tarehe tatu mgongoni. Yaani mafundi watatu wa jeshi waliifungua saa ile, kila mmoja alikuwa na sanduku zima la pete mpya karibu na mkono wake, na kila mmoja aliliona pengo lile akaliacha. Wanaume watatu ambao hata hawakuipenda saa. Wa nne nikaja mimi, mpenzi wa saa, nikajifanya najua.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nilifika ukumbini kabla hawajapanga meza. Pourchet alikuwa anakunywa kahawa yake ya bure.

"Hubert, ile pete yenye pengo. Niliyokupa. Iko wapi?"

"Na wewe habari za asubuhi, Solange."

"Habari baadaye. Pete!"

"Miaka kumi na kitu, mwanamke! Leo ndiyo umeamka?" Alikuna kidevu. Pourchet hasahau kipande, hata angesahau jina la mamake. "Nililiziba lile pengo kwa kuchomelea, nikapiga msasa, likawa kama halijawahi kuwapo. Nikaifunga kwenye saa ya mteja mmoja wa Osaka. Alifurahi mpaka akanitumia biskuti."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nikamsimulia yote, hata kunyamaza kwangu. Alisikiliza akizungusha kikombe. Sikutegemea chochote kutoka kwake, na kweli hakunipa chochote, ila ushauri.

"Si haoni?" aliuliza.

"Haoni."

"Basi mbona rahisi! Chukua tupa, kata pengo pale pale, mpelekee. Mwambie umeipata nyingine. Mzee anafurahi, binti anafurahi, wewe unalala. Nani ataumia?" Kisha akakumbuka yeye ni nani, akashika kifua. "Ingawa pete nzima ya mwaka ule, Solange... ninajua zimebaki tatu tu. Mbili zina kutu. Usithubutu!"

"Umesema nikate au nisikate?"

"Sijui nimesema nini. Nenda zako, unanitia majonzi asubuhi yote hii."

Jumanne nilikaa dirishani, kwenye meza yangu ya kazi, saa mbele, tupa ndogo ya pembe tatu mkononi. Jua lilikuwa zuri. Niliisogeza tupa mpaka ikagusa chuma. Mkono wangu haujawahi kutetemeka, waulize waliofanya kazi nami, na siku ile haukutetemeka. Ulikataa tu. Mwanzoni nilidhani ni uchungu wa pete. Niseme kweli, uchungu ulikuwepo. Ningeweza kulia kama yule mkurugenzi wa benki. Lakini nikamwona yule mzee akilizungusha gumba lake kwenye pengo langu, akinishukuru, akiniuliza nimelipata wapi. Ningejibu nini? Nilikwisha kumwibia mara moja bila kujua. Nisingeweza kumwibia tena huku najua. Nikavaa koti, nikatia saa na tupa kwenye mkoba, nikapanda basi la saa nne.

Clotilde alifungua mlango akaniona usoni, akanipisha. Kapteni alikuwa kwenye kiti kile kile. Shati jeupe halikuwepo, alikuwa na fulana ya usiku na blanketi magotini.

"Ni mimi, Solange Cuenot. Nimekuja kusema jambo, na nikimaliza mnaweza kunifukuza. Kuteremka mlima hakunishindi."

"Keti kwanza."

"Sikai. Kapteni, saa ile ni yako. Ilikuwa na pengo nilipoinunua. Nilidhani ni jeraha. Nikaitoa ile pete nikaweka nyingine nzima, na ile yenye pengo nikaibadilisha kama karanga. Imekwenda Japani, pengo limezibwa, halirudi. Alhamisi nilijua, nikakunyamazia. Basi. Nimemaliza."

Clotilde aliweka mkono mdomoni. Mzee alivuta blanketi magotini. Kuni zililia jikoni. Nilijiandaa kwa lolote, kasoro lile alilosema.

"Kwa hiyo haikuyeyushwa?"

"Haikuyeyushwa. Ipo hapa mkobani. Inaenda vizuri, inapoteza sekunde mbili kwa siku."

"Zamani ilikuwa inapoteza sita."

"Niliirekebisha. Hiyo ndiyo kazi yangu halisi, kabla sijawa mjinga."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka Clotilde akamletea maji. "Hata kamanda wangu alisema vivyo hivyo! 'Aubertin, umeijeruhi mali ya serikali.' Siku nne kizuizini, bibi. Siku nne kwa ajili ya pengo dogo kuliko punje ya mchele! Na wewe unasema uliitibu." Akapangusa macho yake yasiyoona. "Nilikukasirikia sasa hivi, kwa dakika nzima. Imepita. Nipe saa yangu."

Nikampa. Akaizungusha pete, gumba likateleza lisipate kitu, kama Alhamisi. Lakini safari hii uso haukufungwa. Akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake, kiganja wazi.

"Wewe ni fundi. Fundi hatembei bila tupa."

Nikaitoa. Haki ya Mungu, nilisita. Zimebaki tatu, mbili zina kutu. Kisha nikaiweka kiganjani mwake.

"Sasa nishikie saa imara," alisema, "na kidole changu ukiweke kwenye pembetatu. Usinisaidie zaidi ya hapo."

Nilipiga magoti kwenye zulia, mimi na magoti yangu haya, nikaibana saa kwa mikono miwili juu ya mkono wa kiti, nikafunika kioo kwa kitambaa. Akaanza. Alikata polepole, kwa mikwaruzo mifupi, kila mara akipuliza unga wa chuma na kugusa kwa gumba. Sauti ile najua nitaisikia mpaka nife. Kila mkwaruzo ulinichoma, na kila mkwaruzo nilitaka aendelee. Mara moja tupa ilitoka njiani ikaacha mstari pembeni, akasema, "Aa, hata mara ya kwanza ilitoka hivyo hivyo," na nikakumbuka kweli, palikuwa na mstari. Nilidhani ni wa mlango wa chuma.

Gumba lake lilipoingia kwenye pengo likatulia. Halikuzunguka tena. Akakaa hivyo, na chozi moja likashuka bila yeye kulijali.

"Ndiyo yangu," alisema. "Clotilde, ndiyo yangu."

Clotilde alikwenda jikoni, tukamsikia anapiga chafya ambazo hazikuwa chafya. Nilimfunga baba yake saa mkononi; mkanda uliingia tundu la mwisho, alikuwa amekonda. Akabonyeza kitufe cha juu. Nikausikia mshale unaanza. Kisha akasema ana njaa.

Chakula cha mchana kilikuwa tayari, tukala. Viazi, jibini la kuyeyuka, soseji nzima ambayo Alhamisi haikuguswa. Aliniuliza kuhusu kiwanda, na wasichana tuliokaa dirishani, na kama ni kweli tulikuwa tukiimba. Nikamwambia tuliimba nyimbo chafu, meneja alidhani ni za kanisa. Alinisimulia kuhusu mpishi wa kambi aliyepaka mafuta ya injini kwenye kikaango. Tulicheka, tukabishana kuhusu divai, Clotilde akaleta pai ya tufaha. Nilisahau kabisa kilichonileta. Hata saa niliisahau.

Alikuwa katikati ya sentensi, kijiko hewani, anamsema yule mpishi, alipokoma ghafla.

"Tangi la kulia," alisema, na akabonyeza kitufe cha juu, mshale ukasimama.

Akauvusha mkono wake juu ya meza mpaka kwangu. "Nisomee, bibi."

Niliuinamia mkono ule mwembamba, nikavaa miwani yangu. Nilisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuona vizuri.

"Dakika ishirini na tano," nikasema. "Na sekunde tatu."

"Nimechelewa," akasema, akakirudia kijiko chake.

Saa ilibaki Pontarlier. Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata Pourchet aliniuliza ilikuwaje ile pete, nikamwambia imepata pengo. Akanishika bega, kama watu wanavyofanya msibani, mjinga yule, na nikamwacha anishike.